Dawa za Jikoni (2): Asali, Nyungu na Kikombe cha Moto

Juma lililopita tuliona kwamba mafua huletwa na virusi, vikiwamo rinovirusi ambavyo aina zake zinapita 100, na kwamba viuavijasumu, vilivyotengenezwa kupambana na bakteria, havivigusi. Swali likabaki: kama dukani hakuna kidonge cha kuyaponya mafua, tangawizi na nyungu ya bibi vinafanya nini?

Haviui virusi. Mwili wenyewe ndio unaovishinda, kwa kawaida katika siku 7 hadi 10. Dawa ya jikoni inampunguzia mgonjwa adha wakati mwili ukiwa kazini. Ni kazi ndogo, lakini aliyekesha akikohoa anajua thamani yake.

Tuanze na asali, maana ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko wenzake. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku. Wengine walilambishwa asali kabla ya kulala, wengine walipewa dawa ya kikohozi ya dukani, na wengine hawakupewa kitu. Kwa maelezo ya wazazi, asali iliwasaidia watoto kuliko kukaa bila dawa, na ile ya dukani haikuipita. Kijiko kimoja cha chai, nusu saa kabla ya kulala, kinamtosha mtoto wa miaka 6 na zaidi. Mdogo wake apewe nusu. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe kabisa, hata kwa ncha ya kidole. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo changa haliwezi kuzizuia, nazo hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Nyungu ina habari yake. Chungu kinachemshwa na majani ya mkaratusi, mchaichai, mwarobaini au kivumbasi, kisha mgonjwa anajifunika shuka na kuuvuta mvuke hadi jasho limtiririke. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kujifukiza kulirudi kwa kishindo Tanzania. Anayetoka chini ya shuka huapa kwamba pua imezibuka. Je, imezibuka kweli?

Mwaka 1983, watafiti wa chuo kikuu cha Cardiff, Uingereza, waliwavutisha watu harufu ya kafuri, mkaratusi na mentoli, kisha wakapima hewa inayopita puani. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni hisia: harufu hizo huamsha mishipa ya fahamu inayotambua ubaridi, na wengi wao wakajiona wanapumua vizuri. Nafuu hiyo mgonjwa anaisikia kweli, ila isimfanye aamini kwamba ugonjwa umekwisha. Hatari ya nyungu iko kwenye maji yenyewe. Chungu kikipinduka chini ya shuka, mafua ya juma moja yanageuka kidonda cha moto cha miezi. Kwa hiyo mtoto asifukizwe. Mtu mzima naye akiweke chungu chini, mahali pasipoyumba, baada ya kukiipua na kukiacha kipoe kidogo.

Chuo hichohicho cha Cardiff kilirudi mwaka 2008 na jambo linalohusu kikombe cha chai. Watu 30 wenye mafua walipewa sharubati ileile ya matunda, ya moto au isiyopashwa. Hewa ya puani haikubadilika kwa yoyote, lakini ile ya moto ndiyo iliyotuliza koo, baridi ya mwili na uchovu. Basi chai yako ya tangawizi na ndimu inafaa, na sehemu ya sifa tunayoipa tangawizi ni haki ya moto na maji. Asiye na tangawizi anywe uji mwepesi au mchuzi wa kuku, hatakosa kitu kikubwa. Koo likiwasha, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu kinatosha kusukutulia, kisha yatemwe.

Jikoni pana mpaka wake. Kwetu homa haiaminiki: mwili ukichemka, pima malaria kwanza, usiihesabu kuwa mafua kwa sababu tu pua inatoka kamasi. Na mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, umhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea ndani kila avutapo hewa, huenda ni nimonia. Hapo acha chungu jikoni, mbebe mtoto uende zahanati.

Bibi hakukosea kutufunika shuka. Tulikosea sisi tuliodhani kwamba jasho lile limeufukuza ugonjwa.

Juma lijalo: kikohozi kinachopita wiki mbili, na kwa nini kisiachiwe asali.