Masufuria ya Msibani Yakisharudi

Msiba ukiingia Kamachumu au Maruku, mkoani Kagera, nyumba haikai peke yake hata saa moja. Kinamama wanafika na mikungu ya ndizi kichwani, vijana wanapasua kuni, wazee wanajadiliana kaburi lichimbwe upande gani wa kibanja. Kwa Wahaya marehemu hazikwi mbali. Analala katikati ya migomba na mibuni ya kwao, na mjukuu atakayetumwa jani la mgomba mwezi ujao atapita hatua chache tu kutoka kwa babu yake. Kwa siku kadhaa hakuna mfiwa anayekula peke yake wala kulala peke yake. Kisha matanga yanaanuliwa, masufuria ya kuazima yanarudi kwa wenyewe, na mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam yanawabeba ndugu.

Masufuria yakisharudi ndipo kazi ngumu inapoanza.

Wiki za mwanzo mfiwa hapati usingizi, chakula hakipiti, anapakua sahani ya mtu ambaye hayupo, anageuka akidhani ameitwa uani. Majirani hunong'ona kwamba mama fulani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Akili iliyozoea nyayo za mtu mmoja kwa miaka thelathini haiachi zoea hilo kwa siku tatu, na kwa watu wengi maumivu hupungua yenyewe, leo afadhali, kesho mabaya tena, mpaka siku za afadhali zinakuwa nyingi zaidi.

Wachache hukwama. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali zinakadiria kuwa takriban mfiwa 1 kati ya 10 hubaki palepale alipokuwa siku ya mazishi: hamu ya marehemu haipungui, maisha hayana ladha, kifo chenyewe hakikubaliki. Shirika la Afya Duniani limeitambua hali hiyo kama ugonjwa katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, kwa masharti mawili. Iwe imedumu angalau miezi 6, na iwe imepita kiasi ambacho mila na dini za mahali husika zinakiona cha kawaida. Sharti la pili lina busara kuliko la kwanza, maana mjane anayevaa nguo nyeusi kwa sababu desturi ya kwao inamtaka avae si mgonjwa hata kidogo.

Kifo kikiwa cha ghafla na cha kutisha, wanaokwama huwa wengi zaidi. Na katika jambo hilo Kagera imeonja mengi.

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Ilichukua wengi zaidi, na idadi ya waliokufa inahesabiwa kwa mamia, makadirio mengine yakifika 1,000. Haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, ikatobolewa ili kuwatoa walionaswa ndani, hewa ikatoka, ikaenda chini yote. Miili mingi ilizikwa Igoma, Mwanza, na mingine haikuonekana kabisa. Kwa watu wanaozika nyumbani, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo: kibanja kipo, migomba ipo, kaburi hakuna.

Msomi wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuzichunguza familia za askari waliopotea vitani Vietnam, alionyesha kuwa msiba usio na mwili ni wa aina yake. Mtu hawezi kulia akamaliza, kwa sababu kulia kunafanana na kumsaliti anayeweza bado kuwa hai. Ndiyo maana mama anaweza kukaa miaka akitazama mlango kila kukicha, na watu wakamwona hana akili, kumbe hajapewa la kumfanya aache kutazama.

Majonzi na kiwewe huchanganywa, na tiba yake hukosewa kwa sababu hiyo. Mwenye majonzi anamtamani mtu. Mwenye kiwewe anaogopa tukio. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu wasiopungua 17, likabomoa mamia ya nyumba na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Aliyenusurika siku ile anaweza kukaa kimya mwaka mzima, kisha lori zito likapita barabarani, vikombe vikagongana kabatini, na yeye akajikuta yuko uani bila kujua ametokaje. Hakukumbuka tetemeko kwa namna tunavyokumbuka harusi. Kwa sekunde zile, alikuwa ndani yake.

Sababu iko kichwani, na si siri. Ndani ya ubongo kuna kiungo kidogo chenye umbo la lozi, amigdala, ambacho kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari. Jirani yake, hipokampasi, hulipatia kila tukio mahali na tarehe, kama karani wa masjala. Hofu ikiwa kubwa kupita kiasi, king'ora hulia kwa nguvu na karani hushindwa kuandika vizuri. Kumbukumbu inabaki vipande vipande, harufu huku, mlio kule, bila muhuri unaosema kwamba jambo hili limekwisha. Kinachofuata wengi wanakifahamu: jinamizi, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, na kukwepa kila kinachofanana na siku ile. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi, ni ya kutafutiwa msaada.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, baadaye alipewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kesho yake miili iliagwa katika uwanja wa michezo wa Kaitaba. Taifa hukumbuka kuwapongeza waokoaji. Hukumbuka mara chache zaidi kuwauliza wanalalaje. Mtu anayevuta miili majini kwa mikono yake naye yumo katika hatari ya kiwewe, kama aliyekuwa ndani ya ndege.

Halafu kuna misiba inayokataza kile hasa kinachoponya. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia wilaya ya Bukoba Vijijini, watu 9 wakaugua na 6 wakafa kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 2 Juni. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg haushikwi wala kuoshwa na nduguze. Huzikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga tangu kichwani hadi miguuni. Kanuni hiyo inaokoa uhai na haipaswi kulegezwa. Lakini inaacha deni, na deni hilo hulipwa polepole, kwa ibada ya baadaye, kwa kuitana upya hatari ikishapita.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote ambalo mkoa huu umeupa ulimwengu halikutoka kwenye ajali. Lilitoka kwenye Ukimwi.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado mbali. Vibanja vilijaa makaburi mapya, na ndani ya nyumba wakabaki bibi na wajukuu: bibi aliyezika wanawe, wajukuu waliozika wazazi, na wote wakifichana machozi ili wasiumizane. Watoto hawakuambiwa ukweli. Mtoto aliambiwa mama amesafiri, wakati kaburi analiona.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa Nshamba, wilayani Muleba, mradi uliopewa jina la Kihaya, Humuliza, yaani fariji, tuliza. Nyuma yake alikuwepo Mswisi Kurt Madörin wa shirika la terre des hommes. Wakati huo misaada kwa yatima ilihesabiwa kwa sare na madaftari. Humuliza walikuja na wazo lililoonekana la anasa: kwamba yatima ana huzuni, na huzuni hiyo inahitaji kushughulikiwa. Walimu na walezi walifundishwa kuzungumza na mtoto juu ya kifo kwa ukweli na kwa maneno ya umri wake, na kutambua kwamba anayesinzia darasani au kupigana kila siku huenda anaomboleza. Vijana yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, chenye viongozi waliowachagua na akiba zao. Kutoka katika uzoefu huo ulizaliwa mwaka 2002 mtandao wa REPSSI, unaofanya kazi hadi leo katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Bibi je? Mwaka 2003 ukaanza mradi wa Kwa Wazee, hapo hapo Nshamba, uliowapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba kwenye jina lake vitu ambavyo bibi hununua: chumvi, sabuni, viatu vya shule. Waliopokea fedha hizo walikula vizuri zaidi na wasiwasi ukawapungua. Wapo wataalamu wanaopenda kutenganisha moyo na tumbo, ushauri nasaha ofisi hii na unga ofisi ile. Bibi wa Muleba hajui mgawanyo huo. Asiyejua kesho atapika nini hana nafasi ya kumlilia mwanawe.

Tiba zenyewe zinafanyikaje? Jambo la kutia moyo ni kwamba ushahidi mzuri umepatikana jirani kabisa, na watoaji wa tiba hawakuwa madaktari. Rakai, wilaya ya Uganda inayopakana na Kagera, pamoja na Masaka, zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji maradhi ya moyo wanayaitaje, wakapewa neno la Kiganda okwekyawa, kujichukia. Kisha watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi waliongoza vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakizungumzia vifo, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Waliokuwa na sonona vikundini walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu waliendelea kuugua.

Kwa watoto, utafiti wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, uliwahusisha yatima 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Wanasihi wasio na shahada yoyote ya saikolojia waliwafundisha kutulia, kuzitaja hisia zao, kisha kusimulia kifo kilivyotokea, huku walezi nao wakiwa na vikao vyao. Katika maeneo matatu kati ya manne yaliyochunguzwa, ya mjini na ya vijijini, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Njia nyingine ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na wakimbizi wenzao ndio waliofundishwa kuitoa. Inaanza na kamba. Kamba inanyooshwa sakafuni: mwanzo wake ni siku ya kuzaliwa. Msimulizi anaweka ua mahali palipokuwa na furaha, jiwe mahali palipokuwa na uchungu, mawe makubwa kwa makubwa. Mwisho wa kamba haukunjuliwi wote, kwa sababu siku bado zipo. Katika vikao vinavyofuata wanarudi kwenye kila jiwe, taratibu, kwa mpangilio: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, na sasa hivi unaposimulia unahisi nini. Msikilizaji anaandika. Kikao kijacho anamsomea alichosimulia, na msimulizi anasahihisha. Kwa maneno mengine karani wa masjala anarudishwa kazini, anagonga muhuri aliokosa kugonga.

Yapo pia yasiyosaidia. Kumkusanya kila aliyenusurika siku ya pili na kumlazimisha aeleze yote kwa mkupuo kumejaribiwa duniani na hakukuzuia kiwewe. Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu, ambavyo ndugu mwenye duka la dawa huleta kwa nia njema, Shirika la Afya Duniani halishauri wapewe wafiwa. Na lipo lile "jikaze". Kila Mtanzania ameshaambiwa hivyo, na wanaume wengi hawakuambiwa kingine. Siku za mwanzo kinachofaa ni kidogo tu: kuona mtu anahitaji nini, kumsikiliza bila kumchimba, kumuunganisha na maji, simu, ndugu au zahanati. Anayetamka kwamba hataki kuishi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Madaktari bingwa wa akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu 100,000, kwa hiyo mfiwa wa Muleba hatakutana nao kwa urahisi. Anaweza kukutana na mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu, katekista, au shoga wa kikundi cha kuweka na kukopa anayekumbuka kupita mwezi wa nne, wakati wengine wameshasahau.

Mwenzake kama huyo anaweza kumsindikiza hatua kwa hatua. Chukua mfano wa mtu asiyeweza kusogelea meli tangu 1996. Siku hizi MV Victoria iliyokarabatiwa inafanya safari za Mwanza na Bukoba. Humwambii mtu huyo apande mara moja. Wiki ya kwanza anatazama picha ya meli, mwenzake akiwa pembeni, mpaka mapigo ya moyo yashuke. Wiki ya pili wanatembea hadi bandarini wakati hakuna chombo. Ya tatu wanasimama gatini abiria wakipakia mikungu na magunia, na honi ikilia hakimbii. Ya nne anakata tiketi, anakaa karibu na ngazi, mwenzake kiti cha pili, na wanashuka Kemondo, kisha wanatafuta hiace ya kurudi mjini.