Mita Mia Mbili kutoka Barabarani

Hewa ya Nairobi ikizungumziwa, lawama huangukia matatu kuukuu. Zinastahili, ila linabaki swali zito zaidi: ni nani hasa anayeuvuta moshi huo, na kwa nini awe yeye? Moshi wa magari hausambai mjini kwa usawa. Vipimo vya miji mingi duniani vinaonyesha kwamba masizi na gesi ya naitrojeni daioksaidi hujaa kando ya barabara kuu, kisha hupungua upesi. Ukisogea mita mia mbili au tatu, hali hukaribia ile ya mtaa mzima. Kwa hiyo anayechora mahali pa shule, steji au soko anaamua pia kiasi cha moshi kitakachoingia vifuani mwa watu, hata kama ramani yake haitaji hewa popote.

Nairobi ilichorwa hivyo tangu ukoloni. Wazungu walijitengea miinuko ya magharibi, yenye viwanja vipana na miti. Waafrika wakasukumwa mashariki, karibu na reli na viwanda, na mpango mkuu wa 1948 haukuuvunja mgawanyo huo. Leo mtaa wa Mukuru umebanana na Eneo la Viwanda, na wakazi wa Dandora wanaishi na moshi wa jaa lililopo tangu miaka ya 1970. Barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, imemwepusha mwenye gari na foleni. Mchuuzi na mwenda kwa miguu wamebaki chini yake.

Wapo wanaosema watu huhamia huko kwa hiari, wakifuata kodi nafuu. Hiari gani? Kibarua wa kiwandani anayekwenda kazini kwa miguu hana nauli ya kumwezesha kukaa mbali, na mtoto wake hakuulizwa. Wengine wanayategemea magari ya umeme. Yatapunguza moshi, kweli, lakini vumbi la breki, la matairi na la kandokando zisizo na lami litabaki, na jaa halitaacha kuwaka. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na wakazi wakashiriki kuupanga upya mtaa wao; kwa hiyo hata mtaa uliokwisha kujengwa unaweza kupangwa. Kaunti ianze na lililo rahisi: kibali cha shule au zahanati kisitolewe kabla ya kupimwa umbali wake kutoka barabara kuu.