Kope Zinazowasha na Krimu Isiyofaa

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yote mwilini, hivyo huota vipele na mabaka yenye kuwasha kwa vitu ambavyo mkono hauvihisi. Rangi ya kucha, kwa mfano, huacha vidole salama ikaudhuru ukope uliofikichwa. Piko la nywele na wanja pia. Tuviache vyote kwanza, tukikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Tunachokihofia zaidi ni krimu ya steroidi inunuliwayo bila cheti cha daktari, na madukani imejaa: hutuliza upesi, lakini ikizoeleka huweza kupandisha presha ya jicho na hata kupofusha. Kijipu cha ukope, yaani chokea, hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, wala hakitumbuliwi. Jicho likiuma au likiona ukungu, twende hospitali siku hiyohiyo.