Minara ya visiwani isikeshe bure

Mvuvi wa dagaa ana hesabu yake ya taa. Giza likiingia huwasha karabai, au taa ya betri ambayo wengi wanaitumia siku hizi, kukipambazuka huizima. Mbalamwezi ikitanda ziwani hupumzika, kwani anajua kuwa dagaa hawataifuata taa yake. Hajapata kuonekana mvuvi, awe wa Kayenze au wa Ukara, aliyewasha karabai mwaloni saa saba mchana. Angefanya hivyo, wenzake wangesema anafanya israfu ya mafuta, na wasingekosea.

Leo tunapenda kuipeleka hesabu hiyo ya mvuvi kwenye minara ya simu inayohudumia visiwa vyetu, kuanzia Bezi hapa Ilemela hadi Ukerewe na Ukara.

Kwa mtu wa kisiwani, mnara si anasa. Kwa mnara huo mchuuzi hujua bei ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kabla hajapakia magunia. Kwa mnara huo mganga wa zahanati huita boti ya kumvusha mama mjamzito aliyezidiwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, hakuna aliyehitaji kufundishwa tena kwamba ziwani habari lazima itangulie chombo. Mnara ukizimika kwa kukosa umeme, kisiwa huwa bubu.

Na umeme wenyewe una gharama. Pale ambapo gridi ya Taifa haijafika, mnara huishi kwa jua, betri na dizeli. Dizeli huvuka maji kwa mapipa, na betri hubebwa mabegani kutoka mwaloni. Kila wati ina jasho la mtu. Ndiyo maana ni haki yetu kuuliza wati hizo zinakwenda wapi.

Sehemu kubwa huliwa na redio zinazorusha mawimbi. Lakini ipo sehemu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni njia za kasi zinazopitisha data ndani ya mitambo, na kati ya mtambo mmoja na mwingine. Katika njia hizi data haiendi kwa makundi. Husafiri biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja, isipokuwa wavukaji hawa ni mabilioni kwa sekunde moja.

Ili kila mvukaji atambuliwe, mpokeaji lazima aende hatua moja na mtumaji. Kwa sababu hiyo njia nyingi zimeundwa zisinyamaze kamwe. Pasipokuwa na ujumbe, mtumaji huendelea kutuma biti tupu ili mwenzake asipoteze hatua. Mfano uko pale pale mnarani. Mwaka 2003 makampuni yanayotengeneza mitambo hiyo yalitoa utaratibu uitwao CPRI, wa kuunganisha mtambo ulio chini ya mnara na redio iliyo juu. Njia ya CPRI hupitisha data kwa kasi ile ile, wakiongea watu mia moja au asiongee hata mmoja. Saa nane za usiku, kisiwa kizima kimelala, njia hiyo inakesha. Hiyo ndiyo karabai iliyowashwa mchana.

Wataalamu wameushughulikia ubadhirifu huu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza nguvu ya kila biti. Utaratibu wa zamani uitwao RS-232, uliotoka mwaka 1960, ulituma alama zake kwa volti nyingi, mara nyingi 12 za upande wa chanya na 12 za upande wa hasi. Katika miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa LVDS, ambao alama zake hutofautiana kwa theluthi moja tu ya volti, nao hupitisha data kwa kasi kubwa zaidi mara maelfu. Kumbe anayesikika si lazima awe anapiga kelele.

Njia ya pili ni kulala. Mwaka 2010 taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ilipitisha kanuni ya 802.3az kwa ajili ya nyaya za Ethaneti. Pasipokuwa na data, pande mbili hupatana kusinzia, zikishtuana mara moja moja ili zisipoteze hatua. Ujumbe ukija, huamka katika muda unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Mwenye simu hahisi lolote. Sharti ni kwamba pande zote mbili ziwe na uwezo huo. Mmoja asipojua kulala, mwenzake hukesha naye. Kisha mwaka 2017 ukatoka utaratibu wa eCPRI, ambao hupeleka data kwa pakiti kadiri ya kazi iliyopo.

Wako watakaosema kuwa hizo ni wati chache. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mitambo ya kupitishia data inayokula wati 100 usiku na mchana hutumia kilowati-saa 876 kwa mwaka. Ikishuka hadi wati 20 kwa saa 6 za usiku, itaokoa wati-saa 480 kila usiku. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na haifai kuinyonya zaidi ya nusu kila siku kama tunataka idumu. Basi akiba hiyo inakaribia kazi ya betri nzima kwa usiku mmoja. Tena wati ya usiku ni ghali kuliko ya mchana, kwa sababu imetoka katika betri. Nayo ndiyo inayoweza kuufikisha mnara alfajiri, saa ambayo mitumbwi inarudi.

Tunawaomba viongozi wetu walitazame jambo hili. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili makampuni yajenge minara mahali pasipo na faida kubwa. Fedha ya umma ina haki ya kuuliza. Hati ya zabuni isitaje kasi peke yake. Iulize pia mtambo unakula wati ngapi ukiwa na kazi, na ngapi usipokuwa na kazi. Uwezo wa kulala ukiwamo, uwashwe na kukaguliwa, kwani unaweza kuwamo ukaachwa umezimwa. Simu ya dharura ipite saa yoyote, maana kulala si kufa. Na kila kituo kiandike matumizi yake kila mwezi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Serikali za vijiji zilinde paneli na betri zisiibwe, na mikutano ya kijiji iulize sababu kila mara mnara unapozimika. Mvuvi wetu alijua zamani kwamba taa huwashwa panapo kazi. Mitambo inayoletwa visiwani nayo ifuate hesabu hiyo.