Kisu cha kila siku: tuchague kipi?

Vijana wa machimbo, leo tuongee juu ya kisu. Si mupanga, wala kile chenye mama anamenyea mihogo nyumbani. Ni kile kidogo chenye mutu anatoka nacho asubui: kwa kukata kamba ya muzigo ku kinga, kufungua mufuko wa kasiterite, kupasua samaki njiani.

Ku soko mara nyingi watakuonyesha kwanza chenye kukunjwa. Kinaingia mu mufuko wa suruali, kinapendeza macho. Na miye nilikuwa nacho. Siku moja nilikuwa nachonga mupini wa jembe, nikasukuma ncha kwa nguvu, kikajifunga juu ya kidole. Kovu iko mpaka leo. Tena udongo wa machimbo unajaa pale penye kukunjika, kinakwama. Tangu pale nilirudilia kisu kisichokunjwa.

Kabla ya kulipa, uliza: chuma kinafika wapi ndani ya mupini? Kizuri ni chuma kimoja mpaka mwisho, mbao mbili zinakibana huku na huku kwa misumari iliyopondwa. Kingine kina mukia mufupi tu wenye kuchomekwa. Siku utakaza mukono juu ya mufupa wa mbuzi, utabaki na mupini peke yake. Makali ya sentimetre 10 yanatosha.

Inokisi haishiki kutu upesi, lakini ya bei ndogo inapoteza makali mbio. Miye napenda kile cha wafuaji wa vyuma wetu, chenye kutoka mu risori ya gari. Kazi hiyo si ya jana kwetu: kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 wachunguzi walianza kufukua makaburi ya zamani, mengine ya miaka 1.000 hivi, na ndani walikuta vyuma. Lakini hata mufuaji wako umujaribu. Kata muti mukavu: makali yakikunjika, chuma ni laini, yakimeguka, ni kigumu kupita. Risori inashika kutu, basi pangusa, paka mafuta ya mawese kidogo, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi yenye kulowana.

Ala nayo geuza kichwa chini. Kisu kikianguka, usinunue.

Sasa neno zito. Tangu mwaka 2013 vita vya Waluba na Batwa vilipita Manono, Kabalo na Nyunzu. Watu walikufa kwa mishale na mapanga, vijiji viliungua. Mutu aliyekimbia usiku ule haangalii kisu chako sawa vile wewe unakiangalia. Kwa hiyo acha kile kirefu chenye makali pande mbili. Hicho hakimenyi kitu. Chukua cha upande mumoja, kiweke ndani ya muzigo, si ku kiuno. Penye pombe, penye mupira, penye mukutano, kibaki nyumbani. Ku bariere, sema unacho mbele ya kutafutwa.

Mwanangu aliniomba chake akiwa na miaka 12. Nilimuomba mufuaji akate ncha, aifanye mviringo. Mwaka muzima alimenya nacho mihogo ndani ya lupango, mama yake akimuangalia, kabla sijamuruhusu kukipeleka ku shamba.