Jina la ndugu wa karibu si wasia: mali ya mfanyabiashara wa Owino akifariki

KAMPALA – Mfanyabiashara wa mitumba katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, mara nyingi hana ghorofa la kurithisha. Utajiri wake uko kwenye marobota yaliyo stoo, nafasi ya kibanda, akiba ya saccos, fedha za kwenye simu na daftari la wateja waliochukua mali kauli, wengine wakiwa Juba, Goma au Kisumu. Akifariki ghafla, mali ya namna hiyo hutoweka haraka kuliko shamba. Robota huuzwa kwa siku moja, na mdaiwa aliye ng'ambo ya mpaka huenda asilikumbuke deni.

Wengi hudhani kazi imekwisha pale walipojaza jina la ndugu wa karibu kwenye fomu ya benki. Sivyo. Jina hilo huiambia benki nani apigiwe simu. Halimpi mtu huyo haki ya kutoa fedha. Benki itadai hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na kabla ya kuiomba, ndugu asiyetajwa kuwa msimamizi katika wasia hupitia kwanza kwa Kabidhi Wasii Mkuu kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Mjane anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja.

Kwa saccos mambo ni tofauti. Sheria ya vyama vya ushirika humruhusu mwanachama kuteua mtu wa kupokea hisa zake, kwa hiyo jina lililoandikwa pale lina nguvu. Hatari yake ni kwamba likiachwa miaka 15 bila kuguswa, linaweza kuwa la mke aliyekwisha kuachwa au kaka aliyekwisha kufariki.

Pasipo wasia, Sheria ya Urithi ya Uganda ndiyo hugawa. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliwapa watoto asilimia 75, mjane 20 kutoka 15 ya zamani, ndugu tegemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Kwa mali ya shilingi milioni 40, watoto hupata milioni 30, mjane milioni 8, tegemezi milioni 1.6 na mrithi wa kimila laki 4. Wajane wakiwa wawili, hugawana hiyo milioni 8. Nyumba ya familia haiingii kwenye hesabu hii.

Hapa ndipo wengi wa Kampala hunaswa. Mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka 20 na kuuza naye kibandani, lakini bila ndoa inayotambuliwa, si mjane mbele ya sheria. Watoto wake watarithi, yeye hapana. Dawa yake ni ndoa au wasia.

Wasia wenyewe si kazi ngumu: uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili. Anayepewa mali asiwe shahidi, kwani alichoachiwa kitabatilika. Ufaa kusomwa upya kila anapozaliwa mtoto, ndoa inapovunjika au biashara inapobadilika. Madeni nayo yaorodheshwe, ya kudai na ya kudaiwa.

Kwa mwenye mali pande mbili za mpaka kuna hatua ya ziada. Hati ya mirathi iliyotolewa na mahakama ya Kenya haifungui akaunti ya Kampala mpaka Mahakama Kuu ya Uganda iigonge muhuri wake. Kenya nayo ina utaratibu huo, katika kifungu cha 77 cha Sheria yake ya Urithi. Familia isiyojua hili husafiri bure.

Nakala ya wasia na ya daftari isikae kibandani. Februari 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Owino, na karatasi huungua pamoja na nguo. Afadhali ziwe kwa wakili au benki, na mtu mmoja nyumbani ajue ziliko.