Yoga Salama: Mkao Uufuate Mwili

Yoga ni mfumo wa kale wa mazoezi wenye asili yake nchini India, unaounganisha mikao ya mwili, upumuaji wa taratibu na utulivu wa fikra. Desemba 2014, Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Leo watu wengi hujifunza mikao hiyo kwa kutazama video katika simu. Video hiyo, hata hivyo, haimuulizi mtazamaji kama ana shinikizo la juu la damu, ujauzito au maumivu ya mgongo.

Walimu wa yoga wenyewe walilitambua suala hili zamani. Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989), aliyefundisha Mysore na baadaye Chennai, alisisitiza kuwa mafunzo yazingatie umri, afya na uwezo wa kila mwanafunzi. Mwanawe, T. K. V. Desikachar, aliuendeleza msingi huo: mkao hurekebishwa umfae mtu, wala mtu halazimishwi kuufikia mkao.

Tiba ya kisasa nayo imeipa yoga nafasi. Mwaka 2017, Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia zisizo za dawa zinazoweza kutangulizwa katika kutibu maumivu sugu ya mgongo wa chini, yaani yaliyozidi wiki 12. Hata hivyo, pendekezo hilo halimaanishi kwamba kila mkao unafaa kwa kila mgongo.

Hali ya afya ndiyo inayoamua kipi kiachwe. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, aepuke mikao ya kichwa chini, kwa kuwa huongeza shinikizo ndani ya jicho. Mwenye shinikizo la juu la damu asibane pumzi. Mwenye mifupa dhaifu asiinamie mbele kwa nguvu wala kuupinda sana mgongo, kwani pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika. Mjamzito, hasa baada ya wiki 20, asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu mji wa mimba hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Anayeanza atosheke na dakika 10 hadi 15, kwa mikao michache anayoimudu. Asiyeweza kukaa sakafuni atumie kiti imara. Asiye na uwiano mzuri wa mwili asimame karibu na ukuta. Khanga iliyokunjwa huweza kuwekwa chini ya goti linalouma. Pumzi ndiyo kipimo chepesi cha kujiongoza: ikikatika au ikilazimishwa, mkao umezidi uwezo na upunguzwe. Aidha, mvuto wa wastani katika misuli ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ya kiungo, ganzi au kizunguzungu ni amri ya kuacha.

Mtoa huduma za afya ana wajibu wake. Kumwambia mgonjwa "fanya mazoezi" hakutoshi. Amuulize anafanya mazoezi gani, anajifunza kwa nani na anajisikiaje baadaye. Mgonjwa naye amweleze mwalimu maradhi yake, na asiache dawa kwa sababu tu amepata nafuu. Uamuzi wa kupunguza dawa ni wa yeye na daktari wake.

Zipo dalili ambazo hazisubiri yoga. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kudhibiti mkojo au choo, homa, au kupungua uzito bila sababu, yanahitaji uchunguzi wa hospitali. Udhaifu, ganzi na kushindwa kudhibiti haja ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kwa mgonjwa mwenye dalili hizo, zoezi lililo salama ni kuukunja mkeka na kwenda kutibiwa.